Awari ya Mchele

Neno moja la Kiingereza lilinigharimu rupia kumi na nane na anna sita. Nilizihesabu mara mbili, nikitumai zitapungua.

Mwezi huo ndugu yangu mdogo, baharia, alifariki. Meli yao kutoka Bombay ilipigwa na dhoruba, nahodha akaamuru magunia ya ngano yatupwe isije ikazama. Ndugu yangu alikuwa mmoja wa watupaji. Wimbi likamchukua pamoja na gunia. Meli ikafika salama. Ndani mlikuwa na mchele wangu, mkavu kabisa.

Nilipokwenda forodhani kuutoa, karani Mgoa akanizuia. "Kwanza ulipe avareji."

"Mchele wangu haukuguswa!"

"Ndiyo maana ulipe. Ngano ya mwenzio imetupwa ili mchele wako upone. Waliopona humchangia aliyepoteza."

"Basi nipunguzie."

"Bwana, hapa si sokoni."

Nikalipa. Lakini mimi sinunui kitu nisichojua kilikotoka, nikamuuliza asili ya neno lenyewe. Akafungua kamusi: Waingereza walilipata kwa Wafaransa, hao kwa Wataliana, zaidi ya hapo, kimya. Nikalipeleka Kibokoni kwa maalimu wangu. Akalitafuna kidogo, akacheka.

"Awari! Kiarabu hicho: kasoro ya bidhaa. Neno letu, mwanangu, limekwenda Ulaya likarudi kukutoza."

"Na mtu akichukuliwa na maji?"

Kicheko kikamwisha. "Awari ni ya bidhaa. Mtu hana."

Nyumbani nilimsimulia mama. Wataliana hawakumshughulisha. Alishika moja tu: waliopona humchangia aliyepoteza. Siku ya khitma majirani walipomletea ubani, kila mmoja na pesa zake kwenye ncha ya leso kama ilivyo ada kwa mfiwa, akawarudishia kwa adabu.

"Nyinyi hamkuwa na mzigo melini. Nawangoja wenye mzigo."

Hadi leo awangoja. Hawamjui, na hawatakuja. Mimi hajanitaja, ila kila nikiingia huitazama mikono yangu. Nikimpelekea nguo au kahawa, hupokea kama mama apokeavyo kwa mwanawe. Ubani sijathubutu. Nikiutoa, nimemtilia ndugu yangu bei. Nisipoutoa, mama ataendelea kungoja.

Nimeshindana bei na Wahindi, Waarabu na Wazungu, hii siiwezi. Nyinyi mliofiwa kabla yangu, nishaurini: nimpelekee kiasi gani?