Ng'ombe wa Marehemu

Mchapishaji wa Dar es Salaam aliniambia kwenye simu kwamba tafsiri yangu ni nzuri, nami nikakubaliana naye haraka. Kisha akaongeza kwamba kitabu cha upelelezi kutoka Uswidi ni bahati nasibu, kwa hiyo kabla ya kukipeleka mtamboni anataka maoni ya wasomaji wa kawaida. "Siyo maprofesa," alisema. "Watu wanaonunua sabuni." Wakikipenda, atachapa. Wasipokipenda, kazi yangu ya miaka miwili itarudi kabatini, ikakae na tasnifu yangu, ambayo imo humo tangu nilipohitimu.

Sikuwa na wasiwasi. Nyumbani kwetu Machame, chini kidogo ya barabara, kuna kituo cha kukusanyia maziwa. Kina mama hufika na ndoo zao asubuhi, kisha hukaa kwenye benchi kulisubiri gari la kiwandani, ambalo huja linapojisikia. Nikaona hapo wasikilizaji kumi na wawili wasioweza kukimbia. Nilikwenda kuomba ruhusa kwa mwenyekiti wao, mama wa miaka sabini na kitu, rafiki wa marehemu mama yangu, ambaye mvi zangu bado hajaziona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, kijana. Hicho ni kitabu cha dini?"

"Cha upelelezi. Kuna mtu ameuawa."

"Na nani?"

"Tutajua mwishoni."

"Wewe unajua?"

"Najua."

Akawageukia wenzake. "Mnamwona? Kasoma mpaka chuo kikuu, karudi kutuficha mambo. Haya, soma."

Nikasoma. Mkulima mzee anaishi peke yake shambani, na ng'ombe mmoja, katikati ya theluji. Anauawa Jumatatu jikoni kwake, anakutwa Alhamisi. Mpelelezi, mwanamume mwenye huzuni na kiungulia, anafika, anazunguka uani, anaingia zizini, anamkuta ng'ombe amelala anacheua, anatoka, anawasha sigara.

Siku mbili za kwanza maoni yalikuwa matamu. Walishangaa kwamba mpelelezi haamkii mtu. Walifurahi kwamba kule watu wanakunywa kahawa kila ukurasa. "Sisi tunailima, tunakunywa chai," alisema mmoja. "Angalau leo nimejua inakoenda." Katibu wa kikundi, mwalimu mstaafu wa Kiingereza katika shule ya msingi, aliyaandika yote kwenye daftari, nami nilishaanza kuona jina langu kwenye jalada.

Asubuhi ya tatu mwenyekiti aliinua mkono.

"Rudi nyuma. Mzee kafa Jumatatu?"

"Ndiyo."

"Wamemkuta Alhamisi. Na ng'ombe amelala, anacheua."

"Ndiyo, mama."

"Anakamuliwa huyo?"

Niliangalia karatasi, ingawa nilijua. "Anakamuliwa."

"Na nani?"

Benchi likalipuka.

"Siku tatu! Wangu nikichelewa saa mbili tu anasikika mpaka kanisani."

"Kiwele kingekuwa jiwe."

"Huyo angelia mpaka mpelelezi asisikie anachofikiri."

Nilijibu kwa uhakika, ndivyo ninavyojibu nisipojua. Niliwaeleza kwamba ng'ombe wa Uswidi ni wa kizazi kingine, na kwamba baridi kali huyapunguza maziwa.

"Umewahi kukamua?" mwenyekiti aliuliza.

"Hapana."

"Mama yako alikujaribu. Ng'ombe akakukataa."

Waliponiacha nipumue, nilisema basi labda mwandishi ni mtu wa mjini na amekosea. Hilo liliwaridhisha. Katibu akaandika: *Mwandishi hajui ng'ombe.* Mwenyekiti peke yake hakuridhika. "Au kuna mtu alikuwa anakuja kumkamua," alisema. "Kama yupo, ndiye muuaji. Tena ni mwanamke."

Muuaji alikuwa jirani, mama mjane. Tulikuwa ukurasa wa arobaini.

Niliporudi nyumbani nilifungua nakala ya Kiingereza niliyotafsiri kutoka kwayo. Mpelelezi anapoingia zizini kuna aya mbili nzima: ndoo imeoshwa, imefudikizwa juu ya kigingi, bado imelowa, naye anaitazama kwa muda mrefu. Pembeni, kwa mwandiko wangu: *Kata. Inachelewesha.* Nikaenda mwisho wa kitabu. Mpelelezi anaeleza kwamba yule mjane alirudi kila jioni kwa mlango wa nyuma, kwa sababu hakuweza kustahimili kilio cha ng'ombe kutoka ng'ambo ya shamba. Aya hiyo pia nilikuwa nimeikata, maana ilitaja ndoo ambayo msomaji wangu asingeijua. Niliacha alama za viatu na kifungo cha koti zifanye kazi yote. Nakumbuka siku hiyo nilimwambia mke wangu kwamba nimemfundisha Mswidi kukimbia.

Hakuna aliyejua. Mchapishaji hasomi Kiswidi, na ile ya Kiingereza sidhani kama aliifungua. Mwandishi yuko mbali, hatakuja Machame kujitetea. Lakini daftari lingekwenda Dar likisema kitabu kina tundu, na mchapishaji angepata sababu yake. Nikisema ukweli, angejua kwamba tundu nimelitoboa mimi. Nilikunywa vikombe viwili vya chai nikitafuta njia ya tatu. Haikuwepo.

Kesho yake nilisimama mbele ya benchi.

"Aliyekosea ni mimi. Ndoo ilikuwepo kitabuni. Niliikata."

"Kwa nini?" aliuliza katibu.

"Niliona inachosha."

Mwenyekiti alinitazama kwa huruma. "Ng'ombe anakuchosha. Chai unakunywa ya rangi?"

"Ya maziwa, mama."

Walicheka mpaka mmoja akashika ndoo isimwagike. Kisha nikazisoma zile aya mbili, nikitafsiri papo hapo, nikikwama kila mstari. Hata habari ya maiti hawakuisikiliza hivyo.

"Maskini, alishindwa kumwacha," alisema mama mmoja kijana.

"Ameua mtu, jamani!"

"Sawa. Ng'ombe alimkosea nini?"

Walibishana mpaka gari likapiga honi mara mbili. Mwenyekiti alipoinuka aliniuliza kama kuna vingine nilivyokata. Nikasema vipo.

"Basi kesho tunaanza upya. Na hicho cha Kizungu uje nacho. Katibu atakaa pembeni yako, atafuata kwa kidole."

Alifuata kwa kidole hadi ukurasa wa mwisho, mvua za masika zikaanza na kwisha. Kila niliporuka aligonga karatasi kwa ukucha, nami nikarudi. Yale maoni ya mwanzo aliyakata kwa mstari, akaandika mapya, nami nikayapiga picha na kuyatuma Dar bila kugusa hata nukta: *Kitabu ni kizuri. Mwandishi anajua ng'ombe. Mfasiri asiachwe peke yake.*

Mchapishaji alipiga simu jioni ileile. Alisema atachapa, kwa sharti moja: nakala ya mwisho ipitiwe kwanza na huyo katibu. Nilimwambia sharti hilo nimeshawekewa.