Fahali Aliyekula Kofia ya Mkwe

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, nikidhani nitakabidhiwa kamera. Fundi Mkuu wa studio yetu ya Busia, upande wa Kenya, mtu mrefu aliyepinda mgongo kwa kuchungulia, alinipa kipande cha boksi kilichotobolewa katikati na kunituma sokoni nikatazame. Nilitazama juma zima. Jioni ya mwisho aliniuliza mistari inaelekea wapi. Nilimjibu kwamba sikuona mistari, niliona nyanya. Kesho yake akanirudisha sokoni.

Ninyi mnaopiga picha mia kabla ya chai mnisamehe. Filamu yetu ilikuwa na picha thelathini na sita tu, basi ilitubidi kupanga kwanza. Mstari ni chochote kinacholivuta jicho: barabara, ukingo wa paa, mkono ulionyooshwa. Nafasi tupu ni pale pasipo na kitu, na pale napo pana kazi yake, kama kimya katika mazungumzo. Kilichonitoa jasho ni mlingano, yaani pande mbili za picha zisilemeane. Fundi Mkuu aliueleza mbele ya mizani ya muuza samaki.

"Kitu kidogo chenye rangi kali kinaweza kulemea kikubwa kilichofifia," alisema. "Jicho halipimi kwa kilo, Nekesa."

Nilipoiva kidogo nilihamishiwa tawi letu la Tororo, ng'ambo ya mpaka, chini ya Meneja. Mama huyo alikuwa na sheria moja: mteja aonekane miguu. Mimi, kwa kiburi cha ufundi, nilimpiga mwalimu mmoja kuanzia kifuani kwenda juu, mwanga wa dirisha ukimwangukia shavu moja. Mwalimu alipoipokea picha aliigeuza nyuma, kuona kama miguu imewekwa huko. Kisha akauliza kwa upole kama alipata ajali ambayo hakuambiwa. Meneja aliamuru nirudie, viatu vionekane, maana vilikuwa vipya. Aliongeza kwamba mteja mwingine akilalamika nitarudi Busia kufagia chumba cha giza, kile tulichosafishia filamu.

Nikiwa na onyo hilo kichwani, nilitumwa kijijini Nabuyoga kwenye sherehe ya mahari. Bwana harusi alitoka Lunyo, kwa Wasamia. Lori la watu wake lilikwama kwenye tope, wakafika saba tu, suruali na gauni zimekunjwa hadi magotini. Fahali wao mweusi, aliyeletwa kwa miguu tangu jana, ndiye aliyewahi kuliko wote. Upande wa bibi harusi walikuwa watu sitini hivi, wamepangwa kama kwaya.

Nilipiga kila tukio, mpaka ikabaki picha moja ndani ya kamera, ile ya koo mbili kusimama pamoja. Hapo Mzee Ojiambo, baba wa bwana harusi, akakataa.

"Sisi ni watu saba," alisema. "Hii picha itaonyesha kama tulikuja kuomba maji."

Mzee Othieno, babu wa bibi harusi, akasema kwamba kama wakwe hawataki kuonekana nao, basi pengine hawataki na msichana. Bibi harusi akaanza kulia polepole, akiikinga poda isiharibike. Watu wote wakanigeukia mimi, kana kwamba kamera ndiyo iliyoleta tope.

Nilikumbuka mizani ya samaki. Kwaya ile ya sitini ilivaa rangi za udongo na kijivu. Nikamwomba shangazi wa bwana harusi, mama mpana aliyevaa gauni jekundu la gomesi, asimame mbele kabisa ashike kamba ya fahali. Nikawaacha wale saba na nafasi tupu kuwazunguka, ili wapumue kama wenye mali. Kisha nikamwita Mzee Ojiambo achungulie kwenye tundu la kamera. Alichungulia, akanyoosha koti, akaenda kusimama.

Ila Mzee Othieno naye alitaka kuchungulia. Alikaa pale muda mrefu.

"Hapana," alisema. "Watu saba inatushinda aje sisi sitini?"

Alisema kweli. Nilikuwa nimezidisha. Nikatafuta kitu cheupe cha kuurudisha uzito upande wake, na cheupe pekee kilikuwa kofia yake mpya ya majani makavu. Nikamsogeza mbele, hatua moja, hatua mbili, mpaka pande zote zikalingana sawasawa. Nilifurahia ufundi wangu hata nikasahau kwamba nilikuwa nimeisogeza nyasi kwenye mdomo wa ng'ombe.

Fahali aliichukua kofia taratibu. Watu sitini na saba waligeuka, mikono ikanyooshwa kutoka kila upande, na kidole changu kikabofya chenyewe.

Mzee Othieno alijipapasa kipara.

"Hii ng'ombe yenu haina adabu," alisema. "Lakini inajua kofia nzuri."

Mzee Ojiambo alivua kofia yake mwenyewe, iliyochakaa na yenye tope, akamvika mkwewe. Hapo ndipo watu walipocheka, na msichana akaolewa.

Picha ilipotoka, kila mkono na kila jicho lilielekea kwenye ule mdomo unaotafuna. Sijapanga picha bora kuliko ile nisiyoipanga. Meneja aliikagua, akahesabu miguu, akaniuliza wa nne wa ng'ombe uko wapi. Hata hivyo sikurudishwa Busia. Koo zote mbili zilitaka nakala kubwa.

Niliendelea Tororo hadi simu zilipomfanya kila mtu mpiga picha, nikastaafu magoti yakiwa yameshakataa kuchuchumaa. Siku hizi natembelea watu, Sop Sop, Lunyo, popote penye msiba au ubatizo. Nikiingia sebuleni natazama ukutani picha nilizowapiga kabla sijakaa. Mimi simo, mpiga picha huwa hamo. Ila waliomo wote wananitazama mimi, wazima na marehemu, na wachache bado wamenikunjia uso kwa sababu niliwaambia wasipumue.