Jiwe la Kati

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu kaburi la bwana mmoja mkubwa wa Kiingereza wa zama za kale. Kachongwa kwa jiwe, mkewe kalala ubavuni pake, na mbwa wake miguuni. Nikamwambia aniondolee.

Nilipokuwa mtoto, tulikuwa tumetoka Unguja karibuni, tukikaa Ibra, mji wa kwao baba, ng'ambo. Alasiri moja ami alitupeleka makaburini, kumwonyesha mama walikozikwa wakwe zake. Ami alikuwa ndugu wa baba kwa mama mwingine. Mungu amsamehe, mimi bado. Kanzu yake ilinuka udi mpaka kichwa kikaniuma. Babu alikuwa amelala pamoja na masheikh wenzake, kila mmoja na mawe yake mawili. Nikauliza bibi yuko wapi.

"Kule bondeni," alisema ami. "Hapa ni pa watu wenye nasaba."

Bibi alikuwa peke yake, kando ya njia ya mbuzi, na mawe matatu. Mimi mawe matatu nilikuwa nayajua ya jikoni tu. Nikadhani wamempa mafiga, aendelee kuwapikia hata huko aliko. Nikaling'oa la kati, nikalitupa korongoni.

"Lirudishe," ami alinguruma. "Matatu ni ya mwanamke. Mawili ya mwanamume."

Mama alitazama korongoni, akanishika mkono. "Hatulioni tena, shemeji," alisema taratibu.

Halikurudishwa. Mpaka leo wapitao njia ile humtolea salamu bibi yangu, wakidhani pamelala sheikh.