Gome la Kwanza, Gome la Pili

Shuleni mwalimu alituandikia ubaoni kwamba rangi ya shina la mti ni kahawia, au ukipenda hudhurungi, nasi tukanakili. Nyumbani kwetu maneno hayo hayakutumika. Mama alikuwa na yake. Alisema gome la kwanza, gome la pili, na gome na kutu.

Gome la kwanza lilikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ile inayotoka magome ya mti wa muwati yanapochemshwa mara ya kwanza. Magome hayohayo yakirudishwa motoni kesho yake yalitoa gome la pili, rangi iliyopoa, kama mchanga uliolowa. Ukitumbukiza ndani ya debe misumari iliyoshika kutu, maji yalianza kuwa meusi, na hiyo ndiyo gome na kutu. Kulikuwa pia na rangi ya ganda, yaani ganda la kitunguu. Maganda hayo aliyakusanya Soko la Burma, kwa wachoma nyama waliokata kachumbari kutwa nzima na kufurahi kuondolewa takataka. Rangi ya bizari ya manjano aliiita ya pilau. Akiitia magadi iligeuka nyekundu ya tofali, naye akasema pilau imekasirika. Huo ndio mzaha pekee wa mama ninaoukumbuka.

Alitia rangi katani za kusukia vyondo, vikapu ambavyo mama mmoja mfanyabiashara alivifuata mwisho wa mwezi. Tulikaa nyumba ya kanjo, mali ya baraza la jiji, chumba kimoja, mimi na wadogo zangu wawili na wazazi, kwa hiyo kazi ya rangi ilifanyiwa nje, karibu na bomba. Magome yalitoka kwa nyanya, huko ushago kijijini, yakaja kwa gunia juu ya basi.

Baba alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini. Kazi yake ilidai shati jeupe kila siku, na mama aliyasuuza mashati yake kwa maji yenye bluu ya kufulia ili yasigeuke ya maziwa. Baba hakusuka wala kutia rangi chochote, ila akirudi jioni aliruka madimbwi ya rangi kwa uangalifu sana, suruali ameishika magotini.

Msimu wa baridi aliugua kifua. Alipelekwa hospitali, na baada ya siku chache tukaambiwa tusipeleke uji tena. Sikulia. Nilishika chupa ya uji, ingali moto, na nilichofikiria ni nani atakayeunywa.

Tulimzika ushago. Baada ya mazishi wazee walikaa, na baba mkubwa, kaka yake baba, akasema kwamba Jumamosi atakuja Nairobi kuchukua nguo za marehemu zigawanywe kwa ndugu, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyepinga. Mama aliangalia chini muda wote, nami nikadhani hakusikia.

Tuliporudi mjini nilienda shule kama kawaida. Jioni nilikuta jiko limewashwa nje na debe juu yake. Ndani ya maji ya magome niliona kola, kisha mkono wa shati ukiinuka na kuzama.

"Mama, hayo ni ya baba," nikasema.

"Najua. Niletee mwiko."

Nikaleta mwiko. Akaniachia nikoroge, akaenda kukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Jirani yetu, mke wa mfanyakazi wa reli, mwenyeji wa magharibi, alikuja kuteka maji. Alichungulia debe, akanitazama, akamtazama mama. Kisha aliweka mtungi wake chini na kuuliza kama mashati yalilowekwa kwanza, maana pamba kavu hushika rangi kwa mabaka. Mama akasema yalilowekwa. Wakaanza kuzungumza bei ya makaa, pole pole, kama jioni nyingine yoyote, na jirani hakuondoka mpaka moto ulipozimika.

Kabla ya hapo mama aliinua misumari ya kutu kwenye kopo, akaniuliza, "Tuache gome la kwanza, au tutie kutu?"

Hakuwahi kuniuliza jambo kama hilo. Nikasema gome la kwanza. Sikuwa na sababu yoyote. Mvuke ulikuwa usoni mwangu na ndicho kitu pekee nilichokihisi.

Jumamosi baba mkubwa alifika. Mashati yalikuwa kwenye kamba mbele ya mlango, na ili aingie ilimbidi asogeze moja kwa mkono. Mama alimkaribisha kiti, akampa chai. Baada ya maombi baba mkubwa alifungua sanduku la baba. Akatoa koti, suruali, mshipi na viatu, akavipanga kitandani. Alipekua tena hadi chini, pole pole, kama mtu asiyetaka kuonekana anapekua.

"Shemeji," akasema, "ndugu yangu alikuwa na mashati meupe."

"Hapa hakuna shati jeupe," mama akajibu.

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Rangi ilikuwa imempanda hadi juu ya vifundo, kwenye kucha ndiyo ilikolea zaidi. Baba mkubwa aliitazama mikono ile, kisha akageuka kuelekea mlangoni, pale kivuli cha kamba kilipokuwa kikiyumba sakafuni. Wadogo zangu walikuwa wamekoma hata kutafuna mkate.

"Basi," akasema. "Nitawaambia hakukuwa na mashati."

Akamaliza chai. Alichukua koti na viatu, suruali akaziacha, mshipi akamkabidhi mdogo wangu wa kiume, nao ukamzunguka kiunoni karibu mara mbili. Alipotoka aliinama chini ya kamba badala ya kuisogeza.

Mashati tukagawana. La kwangu nililivalia nyumbani na kanisani, mikono imekunjwa. Siku za jua lilinuka gome, na jasho liliniachia alama shingoni iliyohitaji sabuni. Wasichana wa mtaani waliniuliza ni rangi gani hiyo. Nikawaambia gome la kwanza, wakacheka, wakadhani ni Sheng ya mtaa mwingine.

Nilingoja nihisi kitu kwa sababu lilikuwa la baba. Watu walisema huzuni itakuja. Nililivaa, nikalifua, nikalianika. Mama alirudia vyondo vyake na hakulitaja tena jambo lile, wala baba mkubwa hakulitaja, hata alipokuja kwenye harusi yangu. Shati lilipauka kila lilipofuliwa, likafika gome la pili, likapita hapo likawa rangi ambayo mama hakuwa na neno lake. Lilipochanika kwapani tuliligeuza tambara la kupigia deki. Siku tulipolitupa siikumbuki.