Nilijidunga Nipate Kifua, Mke Wangu Akabeba Lawama

Makosa ni yangu, msinitafutie kisingizio. Jina sitoi, naishi mtaa wa Mowlem na majirani wanasoma.

Nilipenda jim kupita kiasi. Kifua kilipokawia kutoka, jamaa mmoja pale akanishawishi nijidunge sindano za homoni za kiume. Wee! Miezi michache tu, nikajiona mwanaume kamili.

Lakini mtoto hapatikani. Miaka mitatu! Mke wangu akapimwa mpaka akachoka, na kila daktari anamwambia yuko sawa. Akiniomba nami nipimwe, nafoka: "Mimi na huu mwili, nipewe kikopo cha kutolea mbegu?" Mama yangu akawa anampigia simu kutoka Vihiga kumuuliza anangoja nini kuzaa. Mimi niko hapo kwa kochi nasikia, na nimenyamaza. Ujinga gani huo!

Mwishowe nikaenda kupimwa, nia yangu tu mke wangu anyamaze. Mbegu: sufuri.

"Kuna dawa unatumia?" daktari akauliza.

Nikakohoa, nikataja sindano. Mke wangu akanigeukia. Hakuwa anajua.

Daktari akatueleza polepole. Ndani ya korodani, mbegu changa hushikiliwa na seli za kuzilea, kwa protini zinazofanya kazi kama gundi, mpaka zikomae. Ubongo ndio hutuma ishara kazi iendelee. Sasa damu ikijaa homoni ya sindano, ubongo unaacha kutuma. Korodani zinaacha kutengeneza homoni yake, ile gundi inalegea, mbegu zinaachiliwa kabla ya wakati. Nyingine hata hazianzi kukua.

"Acha hizo sindano," akasema. "Huenda mbegu zikarudi, lakini ni miezi mingi."

Tukiwa kwa ngazi za kliniki, mke wangu akasema, "Kukosa mbegu ningevumilia. Lakini miaka mitatu natukanwa na mamako, na wewe unajidunga ukinificha!"

Jumamosi akafunga nguo zake, akaenda kwao.

Niliacha sindano. Miezi ikapita, na wiki jana nikapimwa tena, na mbegu zimeanza kuonekana. Jamani, nilivyokimbilia simu kumwambia mke wangu! Akanisikiza mpaka mwisho.

"Basi vizuri," akasema. "Utapata mwingine akuzalie." Akakata.

Vijana wa jim, achaneni na hizo sindano! Na bibi yako akikuomba mpimwe pamoja, enda siku hiyo hiyo. Mimi nina majibu mazuri ya maabara hapa mezani, na sina wa kumwonyesha.