Kiraka cha Ukoka

Mtu akishashona suruali za watu kwa miaka thelathini na minne, usimkabidhi bustani. Hilo lisemwe mapema, asije mtu akashangaa mbele ya safari.

Fundi huyu mtaa mzima ulimwita Kastabani, kwa sababu ya kile kikofia cha bati alichokivaa kidoleni hata akiwa anakula. Alistaafu akiwa na macho mabovu, mgongo uliopinda na ukoka mbele ya nyumba. Ukoka wenyewe wala si mkubwa, mbuzi wawili wangeumaliza kabla ya saa sita mchana. Lakini aliupenda, jamani, hadi inatia aibu. Kila alfajiri aliukanyaga peku, mvua inyeshe isinyeshe, halafu akarudi kitandani na miguu ya barafu na kumgusisha mkewe.

Na mvua ilinyesha kweli. Kwao ilianza Jumatatu na kuishia Jumatatu, nyembamba, ya baridi, isiyojua kuchoka. Ukoka ukaanza kuoza, na mahali pake kikaota kile kitu cha kijani, laini, kinachoteleza kama sabuni, ambacho watu hukikwangua kwenye kuta zenye unyevu. Kastabani akapandwa na hasira, akachukua reki, akakikwangua chote mchana mmoja. Alipoinua kichwa, katikati ya bustani palikuwa na upara wa ukubwa wa kitanda cha watu wawili.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule, mtu wa kuamrisha masufuria ya wali wa watoto mia nne, na hakuwa na maneno mengi. Alisema dada yake mkubwa anakuja Jumamosi. Akiukuta upara ule, basi Jumatatu fundi wa vitofali anakuja kusakafia kiwanja chote, mbele na nyuma, maana yeye matope yamemfika hapa. Fundi huyo wa vitofali alikuwa ameshapima. Kastabani akanywea kabisa.

Mwingine angemwaga mbegu. Lakini mbegu zinataka wiki kadhaa, na yeye alikuwa na siku nne. Akafanya alichokifanya maisha yake yote suruali ikichanika gotini: unachukua kitambaa kwa ndani, kwenye upindo, mahali ambapo hakuna anayetazama. Upindo wa nyumba, akaamua, ni uwanja wa nyuma, chini ya kamba ya kuanikia nguo.

Mkewe akishaondoka kwenda kazini, yeye alikata ukoka wa nyuma mraba kwa mraba kwa kisu cha mkate, pamoja na mizizi na udongo wake, akaubeba mbele kwa sinia. Na kwa kuwa hakuwahi kuamini kitu ambacho hakijashonwa, akatoa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi wa katani, akapiga magoti katika koti la mvua na kuanza kushona. Wapita njia walimuuliza kama ataweka na vifungo. Alijibu kwamba bado hajaamua.

Ijumaa mbele palikuwa pamependeza, na mkewe, akirudi na giza, hakuuliza kitambaa kimetoka wapi. Nyuma palikuwa bwawa. Kastabani alishusha pazia la jikoni, na nguo akazianika sebuleni, eti kwa sababu ya baridi.

Jumamosi dada mkubwa akafika, mwanamke asiyevua viatu vya visigino vyembamba hata kwenye tope. Alisimama katikati ya ukoka, akamsifu sana shemeji yake, na Kastabani akavimba kichwa. Halafu akaanza kutembea. Kisigino kilikuwa kimenasa kwenye uzi. Mraba wa kwanza ukainuka, wa pili ukafuata, na wa tatu, kwa sababu fundi mzuri anachukia mafundo na alikuwa ameshona yote kwa uzi mmoja. Dada mkubwa akaingia sebuleni akiburuta bustani kama shela la bibi harusi, akakaa, akaomba chai.

Mkewe akautazama ule msafara. Akaenda jikoni, akafungua pazia, akaliona bwawa la nyuma.

Kastabani aliangalia chini, ambako nyungunyungu mmoja alikuwa anavuka zulia. Moyo ulimuuma, tena si kwa aibu. Alikuwa anaiona Jumatatu, na alfajiri zote za baada yake, akitembea juu ya vitofali na viatu.

Mkewe alianza kutikisika mabega. Akashikilia mlango. Akacheka hadi akakaa sakafuni, na dada yake, kiatu kimoja mkononi, akacheka naye bila kujua wanacheka nini.

"Jumatatu fundi anakuja," mkewe alisema, akijifuta machozi.

Kastabani akaitika kwa kichwa.

"Ataweka nyuma. Huko ndiko ninakoanika, na matope ya huko ndiyo yaliyonichosha. Mbele nilisema kwa hasira tu."

"Kwa hiyo mbele?"

"Mbele shona tena. Ila safari hii piga mafundo, mume wangu."

Kesho yake, mvua ikinyesha vilevile, Kastabani alipiga magoti kwenye ukoka, peku, shazia mkononi. Mkewe alisimama nyuma yake na mwavuli, akimkinga yeye huku bega lake mwenyewe likilowa. Alitazama mkono wa mumewe ukipanda na kushuka, kisha akainama, akaonyesha kwa kidole.

"Hapo umeruka mshono," alisema.