Mwiba Uliobaki Ndani ya Tairi

Siku niliyopanda keria ya baiskeli ya shemeji yangu Masanja naikumbuka vizuri, mwanangu, na usidhani nimeisamehe. Uzee haujanipoza. Nikiwaona nyinyi vijana mmefunga maua ya plastiki kwenye usukani, vioo viwili kama basi la abiria, na huku chini tairi limelegea mpaka rimu inakaribia kugusa ardhi, hasira ile ile inanirudia.

Tulikuwa tunaishi upande wa Segese, kule Usukumani, miaka ya sabini. Mtoto wangu wa kwanza, Maduhu, alikuwa na mwaka na kitu. Aliamka anawaka homa, na jua lilipopanda akaanza kukakamaa. Mume wangu alikuwa ameswaga ng'ombe kwenda mnadani, kwa hiyo wa kunipeleka zahanati akawa mdogo wake, Masanja. Baiskeli pale kwetu alikuwa nayo yeye tu, na aliipaka mafuta kuliko alivyojipaka mwenyewe.

Nilimwambia, "Shemeji, shika barabara kubwa." Wapi. Akakata kwenye njia ya ng'ombe, ambako watu walikuwa wamekokota matawi ya miiba kuzungushia zizi. Njia ya namna hiyo hata mtoto wa Kisukuma anaijua: miiba imetapakaa, mingine imefukiwa na vumbi huioni. Hatujafika mbali, tairi la nyuma likaisha upepo.

Sasa sikiliza, maana upumbavu wenyewe uko hapa. Masanja alipindua baiskeli, akatoa mpira wa ndani, akatafuta tundu kwa mate, akapaka gundi, akabandika kiraka. Kiraka kilishika vizuri, simnyimi haki yake. Nikamuuliza kama mwiba ameutoa. Akacheka. "Shemeji, baiskeli niachie mimi, wewe shika mtoto." Akarudisha mpira bila kupitisha hata kidole ndani ya tairi, akapiga pampu, tukaondoka. Alikuwa anapiga mluzi. Mtoto wangu amegeuza macho, na mtu anapiga mluzi.

Hata mbuga iliyofuata hatukuimaliza, upepo ukatoka tena. Safari hii gundi ilikuwa imekwisha. Akaanza kung'oa nyasi kavu azishindilie ndani ya tairi, kama walivyofanya watu wakikwama, akiapa kwamba zitatufikisha. Sikungoja. Nilimfunga Maduhu mgongoni nikakimbia, nikichoka natembea, nikipata pumzi nakimbia tena. Nilimsikia akitetemeka, kisha akatulia, na kule kutulia ndiko kulikonitisha zaidi. Nilifika zahanati jua limeshapoa. Mganga akamchoma sindano, akaniuliza kwa nini nimechelewa kiasi hicho.

Mtoto alipona homa. Siku tuliporudi nyumbani, baba mkwe wangu, mzee asiyependa maneno mengi, alimwita Masanja uani, akamwambia alete lile tairi na alipapase ndani mwenyewe. Masanja akapapasa, mara akauchomoa mkono, kidole kinatoka damu. Ncha ya mwiba ilikuwa bado imekaa pale pale.

"Uliziba tundu ukaacha mwiba," mzee akasema. "Na shemeji yako alikuuliza."

Masanja akaniomba radhi mbele ya watu wote. Wao walikuwa hawajajua, lakini mimi nilikuwa nimeshajua. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namwita Maduhu kwa jina, na hakugeuza kichwa hata mara moja; homa ilikuwa imemwachia uziwi. Sasa ni mtu mzima, ana mke na watoto, na sauti yangu hajaisikia tena.

Kwa hiyo usiniletee habari za maua na vioo. Kabla hujapanda, bonyeza tairi kwa dole gumba. Likibonyea, piga pampu, maana tairi legevu linaokota kila uchafu wa njiani. Likiwa limekuwa kipara, litoe hata bure, na kama huna jingine, litandike ndani ukanda wa mpira mkuukuu. Ukipita penye miiba, shuka, zungusha gurudumu polepole, chomoa unachokiona kabla hakijazama. Zunguka hata kama njia ni ndefu. Gundi, viraka na pampu visikosekane kwenye mfuko wako. Na tairi likitoboka, usirudishe mpira mpaka umepapasa ndani kote, taratibu. Kidole kikichomwa kitapona. Na aliyekaa nyuma yako akikuuliza kitu, mjibu. Usimcheke, kwa sababu maisha yake ameyaweka kwenye tairi lako.

Nimesema kwa ukali kwa sababu nakupenda. Nenda, mwanangu. Mungu akunyooshee njia, na kila utakayempakia afike akiitwa jina lake na kuitika.